Kusimamia Makazi ya Wazee Marekani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Leseni, Cheti na Kanuni za Majimbo

Waafrika Mashariki wengi wanaofika Marekani huanzia katika kazi ambayo wenyewe huiita, nusu kwa utani na nusu kwa uchungu, kuosha wazee. Baada ya miaka mitatu au minne ya zamu za usiku, wengi huanza kujiuliza kama hawawezi kusimamia nyumba badala ya kuajiriwa ndani yake. Majibu yafuatayo yameegemea zaidi jimbo la California, kwa kuwa ndiko nilikofanyia kazi na kanuni zake zimeandikwa kwa undani, lakini majimbo mengine wanakoishi Waswahili wengi yametajwa pia mahali pake.

Makazi ya wazee yanayozungumziwa hapa ni yapi?

Ni nyumba ambamo mzee hulala, hula na kusaidiwa katika mambo ya kila siku, kama vile kuoga, kuvaa, kwenda chooni na kukumbushwa dawa. Si hospitali wala si nyumba ya uuguzi. Nyumba ya uuguzi huwa na wauguzi wenye leseni saa zote, na sehemu kubwa ya malipo yake hutoka Medicaid, yaani bima ya serikali kwa watu wa kipato kidogo, ilhali katika makazi haya wahudumu wengi si wauguzi na familia nyingi hulipa kutoka mfukoni. California huyaita kwa herufi RCFE (Residential Care Facility for the Elderly) na huyahesabu kuwa huduma ya jamii, si ya tiba, ndiyo maana yanasimamiwa na Idara ya Huduma za Jamii ya jimbo wala si na idara ya afya.

Mengi ni nyumba za kawaida za mtaani zenye vitanda sita. Sheria ya jimbo inasema kwamba nyumba ya watu sita au pungufu ni matumizi ya kawaida ya makazi, kwa hiyo manispaa haiwezi kuizuia kwa kisingizio cha mipango miji. Unaweza kupita mbele ya nyumba ya namna hiyo kila siku na usiigundue, ila pengine kwa mteremko mdogo wa kiti cha magurudumu uliojengwa mlangoni.

Kwa nini hakuna leseni moja ya Marekani nzima?

Kwa sababu serikali kuu haikuwahi kuitunga. Kuhusu nyumba za uuguzi, marekebisho ya Sheria ya Hifadhi ya Jamii ya mwaka 1967 yaliyalazimisha majimbo kuwapa leseni wasimamizi wake, na sheria nyingine ya mwaka 1987 ikaweka viwango vya huduma kwa nchi nzima. Makazi ya usaidizi, yaani haya tunayoyazungumzia, yalikuja baadaye na kwa njia tofauti. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Keren Brown Wilson, ambaye mama yake alikuwa amepooza na kuishi katika nyumba ya uuguzi, alianzisha huko Portland, Oregon, makazi ambamo mzee alikuwa na chumba chake, jiko lake dogo na mlango anaoweza kuufunga mwenyewe. Mfano huo ulienea haraka kuliko sheria, na kila jimbo likautungia kanuni kwa wakati wake na kwa jina lake.

Matokeo yake ni kwamba cheo kile kile huitwa msimamizi California, meneja Texas na mkurugenzi Minnesota, na masharti yake hutofautiana kama ilivyo kwa leseni za udereva za nchi mbalimbali.

Leseni ya nyumba na cheti cha msimamizi ni kitu kimoja?

Hapana, na kuchanganya vitu hivi viwili kumewagharimu watu wengi fedha. Leseni hutolewa kwa mtu au kampuni inayoendesha nyumba fulani, katika anwani fulani, kwa idadi fulani ya wakazi. Cheti cha msimamizi ni cha mtu binafsi, naye huondoka nacho anapobadilisha mwajiri. Mwenye leseni anaweza kuwa msimamizi yeye mwenyewe endapo ana cheti, na katika nyumba za vitanda sita ndivyo inavyokuwa mara nyingi, lakini anaweza pia kumwajiri mwingine. Leseni ya nyumba haihamishiki. Mtu akikuuzia nyumba yenye wazee ndani, anachokuuzia ni jengo na biashara, nawe unapaswa kuomba leseni yako upya.

California inamtaka msimamizi awe na sifa zipi?

Awe ametimiza miaka 21 na awe na cheti cha sekondari au kinacholingana nacho, kama GED. Kisha ahudhurie mafunzo ya saa 80 kwa mkufunzi aliyeidhinishwa na idara. Hadi mwisho wa mwaka 2015 saa hizo zilikuwa 40 tu. Zilirudufishwa kuanzia Januari 2016 kutokana na mageuzi ambayo nitayaeleza mbele. Masomo yanahusu sheria, haki za wakazi, dawa, upungufu wa kumbukumbu, usimamizi wa wafanyakazi, fedha za nyumba na namna ya kumpima mzee kabla ya kumpokea.

Ukubwa wa nyumba nao una neno. Kwa nyumba ya wakazi 16 hadi 49, msimamizi anatakiwa awe amekamilisha vipimo (units) 15 vya masomo ya chuo na awe na uzoefu wa mwaka mmoja. Kwa wakazi 50 na kuendelea anatakiwa awe na miaka miwili ya chuo na uzoefu wa miaka mitatu, au mchanganyiko wa elimu na uzoefu unaolingana na huo. Ndiyo sababu wenzetu wengi huanzia kwenye vitanda sita, ambapo saa 80 na cheti cha sekondari vinatosha kwa upande wa elimu. Kama hesabu za fedha zinatosha ni swali jingine, maana nyumba ya wazee sita ina mishahara ya usiku na mchana, na kitanda kimoja kikikaa wazi miezi miwili hutaihitaji kalamu kujua kwamba mambo yameharibika.

Cheti changu cha kidato cha nne kutoka Kenya au Tanzania kitakubaliwa?

Sheria inazungumzia cheti cha sekondari au kinacholingana nacho. Peleka matokeo yako kwa shirika linalothamini vyeti vya nje kabla ya kulipia mafunzo, kwa kuwa ada ya mafunzo hulipwa kwa mkufunzi na si jukumu lake kukurudishia ikiwa ombi lako litakwama. Waliokosa matokeo yao kabisa, kwa sababu ya vita au kuhamahama kama ndugu zetu wengi kutoka Congo, hupata njia fupi zaidi kwa kufanya mtihani wa GED.

Jambo moja lieleweke wazi: cheti cha usimamizi hakikupi haki ya kufanya kazi nchini. Hiyo ni sheria ya uhamiaji ya serikali kuu, na jimbo haliwezi kukutolea.

Mtihani ukoje?

Una maswali 100 ya kuchagua jibu, na alama ya kupita ni asilimia 70. Baada ya kumaliza mafunzo una siku 60 za kuufanya, na baada ya kufaulu una siku 30 za kuwasilisha maombi ya cheti pamoja na viambatisho vyake. Wengi hawaangushwi na maswali ya utunzaji, ambayo wanayajua kwa mikono yao. Huangushwa na tarakimu: siku ngapi za kutoa taarifa, saa ngapi za mafunzo, nyuzijoto ngapi za maji. Anayetaka kufaulu asome kanuni zenyewe, Kichwa cha 22, Sehemu ya 6, Sura ya 8, na asitegemee muhtasari wa rafiki aliyefaulu miaka mitano iliyopita, kwa kuwa tarakimu hizo hubadilika.

Nilishtakiwa zamani. Alama za vidole zitanizuia?

Kila msimamizi, na kila mfanyakazi anayekutana na wakazi, huchukuliwa alama za vidole, ambazo hulinganishwa na kumbukumbu za Idara ya Sheria ya jimbo na za FBI. Kosa la zamani si lazima likufungie mlango. Idara ina utaratibu wa msamaha, ambao hutazama aina ya kosa, muda uliopita na mwenendo wako tangu hapo, lakini yapo makosa makubwa ambayo sheria hairuhusu yasamehewe. Kinachowaangusha watu pasipo sababu ni kuficha. Ukiulizwa kuhusu rekodi yako, jibu la uongo huwa tatizo la pili lililo baya kuliko la kwanza.

Mkaguzi akija hutazama nini?

Huja bila kutoa taarifa, angalau mara moja kwa mwaka tangu 2019, na huja tena kila linapopokelewa lalamiko, kwa kawaida ndani ya siku 10. Hutazama mafaili ya wakazi na ya wafanyakazi, lakini wanaosubiri karatasi peke yake hushangaa, kwa sababu mkaguzi hupita pia jikoni, bafuni na kabatini.

Jikoni hutafuta chakula kinachoharibika upesi cha kutosha siku mbili na chakula kisichoharibika cha kutosha wiki nzima. Dawa za wakazi lazima ziwe zimefungwa kwa kufuli, na idadi ya vidonge ilingane na daftari. Visu, sabuni za kufulia na dawa za kuua wadudu visifikiwe na mkazi aliyepoteza kumbukumbu. Kwenye milango ya nje ya nyumba inayolea wakazi wa namna hiyo, awepo mlinzi au kiwepo kifaa kinacholia mlango unapofunguliwa.

Maji ya bomba wanalotumia wakazi lazima yawe kati ya nyuzi 105 na 120 za Farenhaiti, yaani takriban 41 hadi 49 za Selsiasi. Katika nyumba moja niliyofanyia kazi, mkaguzi aliingia bafu la nyuma, akafungua bomba, akayaacha maji yatiririke huku akitutazama kimya, kisha akaingiza kipimajoto, nacho kikasoma 127. Usiku uliotangulia mwenzetu mmoja alikuwa ameongeza moto wa tangi kwa sababu shuka za mzee zilikuwa hazitakati, na hakuna aliyekumbuka kuurudisha. Sisi wenyewe tulikuwa tumeyazoea maji hayo. Lakini ngozi ya mtu wa miaka 88 ni nyembamba kama karatasi ya sigara, na mzee asiyeweza kusema kwamba anaungua ataungua.

Upungufu huandikwa katika madaraja mawili. Daraja A ni hatari ya papo kwa papo kwa afya, usalama au haki za mkazi, na daraja B ni jambo linaloweza kuwa hatari likiachwa. Yote mawili huwekewa tarehe ya kurekebishwa. Ripoti huwekwa hadharani, na familia husoma.

Ni hali zipi za kiafya ambazo siruhusiwi kuzipokea?

Hapa ndipo wema huweza kukuponza. Kanuni za California zinakataza kumpokea au kuendelea kukaa na mkazi mwenye vidonda vya kulalia vya hatua ya tatu au ya nne, anayelishwa kwa mrija wa tumboni au wa puani, mwenye tundu la kupumulia kooni, mwenye maambukizi makali, au anayetegemea watu wengine kwa kila jambo la mwili wake. Mgonjwa aliye karibu na mwisho wa maisha anaweza kubaki iwapo nyumba imepewa ruhusa maalumu na shirika la huduma za faraja linamhudumia. Asiyeweza kutoka kitandani bila kusaidiwa anahitaji kibali cha ziada cha zimamoto kwa chumba chake.

Sisi tuliolelewa kuamini kwamba mzee hafukuzwi nyumbani huona kanuni hii kuwa ya kikatili. Msimamizi huiona kwa jicho jingine anapokumbuka kwamba saa nane usiku katika nyumba ya watu sita anakuwepo mhudumu mmoja, naye si muuguzi. Kidonda cha hatua ya kwanza kinachoachwa wiki mbili kwa huruma hugeuka cha hatua ya tatu, na hapo mzee ameumia na wewe umevunja sheria kwa wakati mmoja.

Ni taarifa zipi ninazopaswa kutoa mwenyewe?

Kifo, jeraha kubwa, mzee kupotea na matukio mengine yanayohatarisha wakazi huandikiwa idara ndani ya siku saba. Mlipuko wa ugonjwa huripotiwa ndani ya saa 24. Ukishuku mateso yaliyosababisha jeraha kubwa la mwili, polisi hupigiwa simu mara moja, isizidi saa mbili. Wajibu huu ni wa kila mfanyakazi binafsi, na mhudumu hawezi kujitetea kwamba alimwambia bosi akanyamaza.

Mageuzi ya mwaka 2014 yalitokana na nini?

Mnamo Oktoba 2013, jimbo liliamuru kufungwa kwa nyumba moja ya wazee mjini Castro Valley, upande wa mashariki wa ghuba ya San Francisco. Siku ya kufungwa ilifika, wafanyakazi wengi wakaondoka, na wazee zaidi ya kumi wakabaki ndani. Waliosalia kuwahudumia walikuwa mpishi na mfanya usafi, ambao hawakuwa wakilipwa tena. Waliwapikia, wakawapa dawa kadiri walivyoweza na kuwabadilisha nguo, mpaka askari wa kaunti na zimamoto walipofika na kuwahamisha wazee. Idara yenyewe ililaumiwa kwa kuamuru nyumba ifungwe bila kuhakikisha wakazi wamepata pa kwenda.

Wakati huohuo ilijulikana kwamba faini ya juu kwa uzembe uliosababisha kifo ilikuwa dola 150. Mwaka 2014 bunge la California lilipitisha mfululizo wa sheria. Faini ya kifo ilipandishwa hadi dola 15,000, saa za mafunzo ya msimamizi zikawa 80, na mhudumu mpya akatakiwa apate saa 40 za mafunzo, 20 kati yake kabla ya kuachiwa kazi peke yake. Kuanzia Julai 2015 kila nyumba inalazimika kuwa na bima ya dola milioni 1 kwa tukio na milioni 3 kwa mwaka. Mimi naamini saa 40 za mhudumu zimeokoa wazee wengi kuliko faini, ingawa faini ndiyo inayotajwa mikutanoni.

Mama mmoja wa kanisani kwetu ana nyumba lakini hana cheti. Ameniomba nimpe jina langu liwe kwenye karatasi, halafu yeye aendeshe. Nifanye nini?

Ombi hili ni la kawaida kuliko watu wanavyokubali kusema, na hutolewa kwa lugha ya undugu: nisaidie tu, mwanangu, hutahitaji hata kufika. Kanuni inamtaka msimamizi awepo kwenye nyumba kwa saa za kutosha kuiendesha, na anapokuwa hayupo awepo mtu aliyeteuliwa na mwenye uwezo wa kushika nafasi yake. Jina lako likiwa ukutani na wewe uko Sacramento ukiendesha lori, mkaguzi akipata dawa zisizolingana atauliza wewe ulikuwa wapi. Idara inaweza kufuta cheti chako, na inaweza pia kutoa amri ya kukuzuia usifanye kazi wala kukanyaga katika nyumba yoyote iliyo chini ya leseni yake, hata kama mhudumu wa kawaida. Riziki yako yote ikiwa katika kazi hii, amri hiyo ni kama kufukuzwa kwenye fani.

Jibu la heshima ni kumwambia: «Mama, nitakusaidia kutafuta mafunzo upate cheti chako, au uniajiri rasmi, kwa saa zinazojulikana na kwa uwezo wa kuamua.» Akikataa yote mawili, amekwisha kukueleza alichokuwa anakitafuta.

Cheti kinahuishwaje?

Kila baada ya miaka miwili, kwa saa 40 za mafunzo endelevu, ambapo saa 8 lazima zihusu upungufu wa kumbukumbu. Tunza stakabadhi zako mwenyewe.

Nikihamia jimbo jingine, cheti cha California kitanifaa?

Kitakufaa kama ushahidi wa uzoefu, lakini kwa kawaida utaanza upya.

Minnesota, wanakoishi Wakenya na Wasomali wengi, ilikuwa ya mwisho kati ya majimbo kuipa huduma hii leseni yake yenyewe, kuanzia tarehe 1 Agosti 2021, lakini ilipoingia iliingia kwa uzito. Kila makazi lazima yawe na mkurugenzi mwenye leseni inayotolewa na bodi ya taaluma, aliyemaliza kozi iliyoidhinishwa na kufaulu mtihani unaojumuisha sheria za jimbo. Mkurugenzi huyo anatakiwa kupata saa 30 za mafunzo kila miaka miwili. Hiyo ni leseni ya taaluma kwa maana kamili, inayokaribia ile ya msimamizi wa nyumba ya uuguzi.

Texas ni upande mwingine kabisa. Meneja hana leseni yake binafsi. Anatakiwa kumaliza kozi ya saa 24 ndani ya mwaka wa kwanza, na baadaye saa 12 kila mwaka. Florida inataka mafunzo ya msingi ya saa 26, mtihani wenye alama ya kupita ya asilimia 75, na saa 12 kila miaka miwili.

Washington, hasa vitongoji vya kusini mwa Seattle, ina Wakenya wengi wanaomiliki nyumba ndogo za wazee. Huko nyumba hizo zina sheria yao pekee: wakazi sita, na tangu mwaka 2020 zinaweza kuomba hadi wanane kwa masharti. Mwombaji lazima aonyeshe saa 1,000 za kumhudumia mtu moja kwa moja katika miezi 60 iliyopita. Kwa hiyo, ukiwa huko, tunza barua za waajiri wako kuanzia zamu ya kwanza, kwa sababu kampuni za utunzaji hufungwa, na meneja aliyekufahamu huhama na simu yake.

Sina mpango wa kusimamia nyumba, ila mzazi wangu yuko katika nyumba mojawapo. Nitajuaje kama iko sawa?

Katika California, tafuta jina la nyumba kwenye tovuti ya kitengo cha leseni, usome ripoti za miaka kadhaa kwa pamoja. Upungufu mmoja wa daraja B usikutishe, lakini kosa lile lile likijirudia kila mwaka jiulize msimamizi anafanya nini kati ya ziara moja na nyingine. Nambari ya malalamiko hubandikwa ukutani, pamoja na ya mtetezi wa wakazi wa makazi ya muda mrefu, ambaye yupo kwa sheria ya serikali kuu katika kila jimbo na huduma yake ni bure. Unaweza kulalamika bila jina lako kufichuliwa kwa nyumba, na mwenye leseni haruhusiwi kumlipizia kisasi mkazi.

Tembelea pia jioni, baada ya saa moja ya usiku, wakati ofisi imefungwa. Muulize mhudumu aliye zamu jina la msimamizi na mara ya mwisho alipomwona.